Sabuni ya mwani kwa kikundi cha watu wa transijenda Unguja na Pemba: kuanzia karatasi hadi dukani

Mtu wa transijenda ni yule ambaye jinsia anayoiishi si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Akitafuta kazi Unguja au Pemba, hukwama mahali pamoja karibu kila mara: pale anapotoa kitambulisho. Picha ni ya zamani, jina ni la zamani, na jinsia iliyoandikwa haifanani na aliyesimama mbele ya dirisha. Mwajiri anarudisha karatasi, wakala wa simu anakataa kutoa fedha, mwenye nyumba anasema chumba kimeshachukuliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi kabla ya kufika kwenye sufuria. Kikundi kinaweza kutengeneza sabuni nzuri kupita zote za Mji Mkongwe na bado kikafa, kwa sababu laini ya malipo ilisajiliwa kwa jina la mtu mmoja na mtu huyo akagombana na wenzake.

Tumechagua sabuni ya mwani na mafuta ya nazi kwa makusudi. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na Pemba nako unapatikana kwa wingi. Mkulima akiuuza mkavu hupata bei ndogo mno kwa kilo, wakati gramu 20 tu zinatosha kuipa jina sufuria nzima ya sabuni. Kazi hufanyika ndani ya chumba kimoja. Sabuni haiozi. Na anayekoroga si lazima awe ndiye anayeuza, jambo kubwa kwa mtu ambaye kusimama sokoni Darajani siku nzima kunamletea matusi.

Hatua ya 1: Watu, na majina yao

Anzeni watu 8 hadi 10. Msijifungie. Tuseme sita ni watu wa transijenda, na wanne ni ndugu au majirani wanaoaminika: shangazi, mjane wa nyumba ya pili, mkulima wa mwani, kijana mwenye ulemavu. Kikundi cha namna hii kina ujuzi mpana zaidi, na mtaa haukipi jina kabla hakijauza kipande hata kimoja.

Sheria ya jinai ya Zanzibar inaadhibu mahusiano ya jinsia moja, na watu wengi hawatofautishi jambo hilo na utransijenda. Kwa hiyo karatasi za kikundi zitaje kazi ya kikundi: kutengeneza na kuuza sabuni. Mambo ya mwili na maisha ya mwanachama hayana nafasi kwenye katiba wala kwenye muhtasari wa kikao.

Kiswahili chetu kinasaidia hapa, maana "yeye" haina jinsia. Kinachoumiza ni vyeo vya adabu: Bi, Bwana, Kaka, Dada. Ndani ya kikundi kila mtu aitwe anavyotaka kuitwa. Mbele ya wateja na maofisa tumieni vyeo vya kazi: Fundi, Mwenyekiti, Mhasibu, Karani. "Fundi yupo ndani" haimfichui mtu wala haimdanganyi mtu.

Jina la kisheria linaweza kubadilishwa kwa hati inayoandaliwa na wakili. Herufi ya jinsia ni jambo jingine. Tanzania haina utaratibu wa kisheria wa kuibadilisha kwa mtu wa transijenda. Nchini Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani litoe upya cheti cha Audrey Mbugua kwa jina lake jipya na bila alama ya jinsia. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za huku, lakini wakili wenu aijue.

Ambaye hana kitambulisho kabisa, alishughulikie hilo mapema kwa sheha wake. Asiyetaka kurudi kwenye shehia aliyofukuzwa atahitaji kwanza kuhamisha ukaazi, na hilo huchukua muda.

Hatua ya 2: Mtaji kutoka mfukoni mwenu

Msianze na mkopo. Tumieni hisa za kila wiki, mfumo ambao vijiji vya pembeni ya msitu wa Jozani vinaujua tangu miaka ya mwanzo ya 2000: kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kisanduku kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Hisa iwe shilingi 2,000, na kila mtu anunue kati ya 1 na 5 kwa wiki. Watu 10 wakinunua wastani wa hisa 2, wiki moja inaingiza 40,000, na wiki 12 zinafikisha 480,000. Inatosha kwa mizani, vifaa vya kinga na mapishi ya mwanzo.

Pembeni kila mmoja aweke 500 kwa wiki kwenye mfuko wa dharura. Kwa kikundi hiki mfuko huo ndio uhai: mwanachama anaweza kutolewa nyumbani usiku na akahitaji nauli na pahala pa kulala. Andikeni kabisa kiasi kinachotolewa bila kikao (kwa mfano 30,000) na nani mwenye ruhusa ya kukitoa.

Wengi hawataki riba, na hakuna haja nayo. Mikopo ya ndani irudi kama ilivyotoka, na faida itafutwe kwenye sabuni.

Kitabu cha hisa kiandikwe kwa namba za wanachama. Orodha inayooanisha namba na majina ikae nyumba nyingine.

Hatua ya 3: Kusajili

Njia fupi ni kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), kisha namba ya mlipakodi, kisha leseni. Ushirika unawapa wanachama kinga nzuri zaidi baadaye, ila una vikao na ukaguzi ambavyo kikundi kichanga hakiviwezi.

Wawekeni kwenye usajili watu wawili au watatu ambao karatasi zao hazina mgongano. Hapa ndipo hatari inapozaliwa, kwa sababu aliyeandikwa ndiye mwenye biashara machoni mwa sheria. Kabla hajatia saini, wakili aandike makubaliano ya ndani yenye mambo haya: jina la sabuni, mapishi na vifaa ni mali ya wote, waliosajiliwa wanashika kwa niaba, anayetoka analipwa hisa zake ndani ya siku 60, na hakuna mwanachama atakayetishiwa kufichuliwa, kwani kitisho hicho peke yake kinamtoa aliyekitamka. Kila mtu atie saini, nakala moja ibaki kwa wakili. Vikundi huona aibu kuandikiana kwa sababu "sisi ni ndugu". Andikianeni mkiwa bado ndugu.

Sabuni ya kuogea huhesabiwa kipodozi, hivyo nendeni mapema Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) kuuliza masharti ya chumba, na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) kuhusu alama ya ubora. Mkienda mkiwa na sampuli iliyokwisha kukomaa na daftari la mapishi, mazungumzo huwa mafupi.

Hatua ya 4: Fedha zipite wapi

Mteja akituma fedha kwa simu, jina la aliyesajili laini linamtokea kwenye kioo. Kwa mtu wa transijenda hilo ni kufichuliwa kwa kila mauzo. Chukueni Lipa Namba kwa jina la biashara, na mteja ataona jina la sabuni tu.

Kila Alhamisi salio lihamishiwe akaunti ya kikundi. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma za Kiislamu kwa wasiotaka riba. Kwa kawaida benki huomba muhtasari wa kikao, barua ya sheha, katiba na nakala za vitambulisho vya watia saini. Watia saini wawe watatu, na kutoa fedha kuhitaji wawili. Simu ya malipo ikae kwa mtu mmoja na namba ya siri kwa mwingine.

Hatua ya 5: Chumba

Mwaka 2017 reli ya mjini ya Kochi, India, iliajiri watu wa transijenda zaidi ya 20 kwa pamoja. Baadhi yao waliacha kazi ndani ya muda mfupi kwa sababu hawakupata nyumba za kupanga karibu na kazi. Kazi ilikuwepo, mshahara ulikuwepo, pa kulala hapakuwepo. Chukueni funzo hilo: mkataba wa chumba cha kazi uwe kwa jina la biashara, wa maandishi, wa miezi sita au zaidi, wenye notisi ya mwezi mmoja. Na msilale humo. Mtu akilala kwenye chumba cha kazi, siku akifukuzwa yeye biashara nayo imefukuzwa.

Chumba kiwe na dirisha kubwa, maji ya bomba, sakafu ya saruji na mlango wa kufungwa. Watoto wasifike. Rafu za kukaushia ziwe za mbao zilizoachana, upande wa upepo.

Hatua ya 6: Sufuria

Vipimo hivi ni vya kuanzia, kwa gramu, na vyote vinapimwa kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 1. Hata maji yapimwe kwa mizani.

- Mafuta ya nazi: 1,000
- Kostiki soda: 146
- Maji safi yasiyo ya chumvi: 330
- Unga wa mwani: 20
- Mafuta ya mchaichai: 15
- Mafuta ya karafuu: 3

Kilo moja ya mafuta ya nazi hula kostiki gramu 183 hivi ili yote yageuke sabuni. Tumeweka 146, yaani pungufu kwa asilimia 20, kwa sababu sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Mafuta yanayobaki bila kugeuka ndiyo yanayoilainisha. Mkibadilisha mafuta, kwa mfano kuweka mawese, kostiki lazima ihesabiwe upya, maana kila mafuta yana kipimo chake. Magadi ya kupikia si kostiki na hayatengenezi sabuni hii.

Mwani aina ya spinosum, ule wa bei ndogo, unafaa. Uroweke siku nzima kwenye maji baridi, mkibadilisha maji mara nne au tano, hadi ukiuonja chumvi imekwisha. Chumvi huua povu. Anikeni ukauke hadi uvunjike mkononi, sageni, kisha pitisheni kwenye chekecheke laini mara mbili. Mchanga uliobaki ndani ya sabuni hukwaruza ngozi, na mteja wa namna hiyo harudi.

Kuhusu karafuu, kumbukeni biashara yake inashikwa na Shirika la Taifa la Biashara (ZSTC), na kununua karafuu za mitaani kwa wingi kunaweza kuwaingiza kwenye kesi ya magendo. Nunueni mafuta yaliyokwisha kukamuliwa. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinakamua ya makonyo na ya mchaichai pia. Chukueni risiti.

Sasa kazi yenyewe. Vaeni glavu ndefu, miwani ya kinga, aproni na viatu vya kufunika. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu, hazifai hata kidogo: kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Tumieni chuma kisichoshika kutu au ndoo nzito ya plastiki inayostahimili maji ya moto.

Pimeni maji, kisha mwageni kostiki kidogo kidogo ndani ya maji huku mkikoroga. Msimwage maji juu ya kostiki kamwe, kwani huchemka na kuruka usoni. Fanyeni hivi nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu mvuke wake huunguza koo. Maji yatapanda moto karibu na kuchemka. Yaacheni saa moja au zaidi hadi ndoo ishikike kwa mkono uliovaa glavu bila kuunguza, kama nyuzi 35 hadi 40. Ikimgusa mtu, mwagieni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na jicho likihusika aende hospitali huku mnaendelea kumsafisha. Msitumie siki kwenye ngozi wala jicho.

Mafuta ya nazi kwa joto la huku ni majimaji tayari, hayahitaji moto. Changanyeni mwani ndani ya mafuta, mimineni maji ya kostiki polepole, korogeni. Kwa mashine ya mkono ni dakika chache. Kwa mwiko ni nusu saa na zaidi. Rojo likifikia uzito wa urojo na mwiko ukaacha mchirizi juu yake, tieni mchaichai. Karafuu iwe ya mwisho kabisa, muda huohuo mmimine kwenye kisanduku kilichotandikwa karatasi. Karafuu hugandisha rojo ghafla. Ukizidisha au ukichelewa, sabuni inashikana ndani ya ndoo.

Msifunike blanketi kama wanavyoelekeza watu wa nchi za baridi. Sabuni ya nazi hujipasha yenyewe, na kwa joto letu itavimba na kupasuka katikati. Kisanduku kisizidi kina cha sentimita 7.

Kateni siku hiyohiyo, baada ya saa 4 hadi 8, ikiwa imeshika kama halua iliyopoa. Mkiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kama jiwe na itamegeka kila kisu kinapopita. Vipande 12 vya gramu 120. Kinachobaki ni cha kupimia. Vikishakauka hushuka hadi gramu 105 au 110, na kwenye karatasi mnaandika 100. Kamwe msiuze chini ya kilichoandikwa.

Vipande vikae rafuni wiki 4 wakati wa kiangazi, wiki 6 wakati wa masika. Andikeni namba ya mapishi na tarehe kwenye kila rafu. Kabla ya kufunga, yeyusheni kipande kidogo kwenye maji na mpime kwa karatasi za kupimia ukali (pH): 8 hadi 10 ni sawa. Ikisoma 11 au zaidi, subirini wiki mbili mpime tena, na ikigoma sabuni hiyo isiende kwa mteja.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki. Mafuta yakielea juu, koroga haikutosha au kostiki ilikuwa imenyonya unyevu kopo likiwa wazi. Funikeni kopo mara tu mnapopima. Unga mweupe juu ya sabuni ni kostiki iliyokutana na hewa, hauna madhara makubwa, futeni kwa kitambaa kibichi. Matone kama jasho wakati wa masika ni unyevu wa hewa tu, ongezeni upepo. Mifuko ya maji makali katikati ya kipande ni jambo jingine: tupeni pishi lote.

Fundi mpya afanye mapishi matatu chini ya macho ya mzoefu kabla ya kuachiwa kostiki peke yake. Na anayesafirisha kostiki kwenda Pemba aitangaze kama mzigo wa hatari, asiifiche kwenye begi la nguo ndani ya boti.

Hatua ya 7: Bei

Wekeni bei ya siku yenu. Hii ni hesabu ya mfano. Kwa pishi moja: mafuta ya nazi 9,000, kostiki 1,000, mwani 100, mafuta ya harufu 3,000, karatasi na uzi 1,500. Jumla 14,600, gawanya kwa 12, ni 1,217 kwa kipande. Ongeza kazi 250 na chumba, maji na nauli 150. Kipande kimewagharimu 1,617. Bei ya jumla 3,000, ya rejareja 5,000.

Kazi ilipwe kabla faida haijahesabiwa, kwa saa zilizoandikwa daftarini, na saa ya anayekoroga ilingane na saa ya anayeuza. Vikundi vingi humpa muuzaji zaidi kwa sababu yeye ndiye anayeonekana. Hapa kutoonekana ndiko kulikomfanya mwenzake abaki ndani, na asitozwe kwa hilo. Nusu ya faida irudi kwenye malighafi hadi mfikishe akiba ya miezi mitatu, inayobaki igawanywe.

Hatua ya 8: Soko

Hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, na maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe, hununua kwa jumla. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, na Disemba hadi Februari. Tamasha la muziki la Sauti za Busara huangukia Februari. Kwa kuwa sabuni inahitaji wiki sita, ya kuuza Disemba ipikwe Oktoba. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga; huo ni wakati wa matengenezo, na wa kuuza vipande vidogo mtaani kwa matumizi ya nyumbani.

Hoteli hulipa baada ya siku 30 hadi 60. Vipande 200 kwa bei ya 3,000 ni 600,000 zilizolala kwa mtu mwingine. Msiweke zaidi ya theluthi ya mzigo kwa mnunuzi mmoja, na kila mzigo uende na hati iliyotiwa saini na aliyepokea.

Kwenye karatasi ya sabuni andikeni viungo, uzito, namba ya pishi, tarehe na anwani. Msiandike kwamba inatibu chunusi au ukurutu. Hapo mmeuza dawa, na sheria yake ni nyingine.

Patakuja mfadhili au mnunuzi mwenye nia njema atakayetaka kuweka picha zenu na maneno "imetengenezwa na watu wa transijenda". Wateja wake wa nje watavutiwa, ndiyo. Lakini kisiwa ni kidogo, sura inajulikana, na picha ikishaingia kwenye intaneti hairudi. Kanuni iwe: hakuna picha ya uso, na maneno hayo yasitumike mpaka kila mwanachama, si wengi bali kila mmoja, awe ametia saini. Picha ya mikono, mwani na rafu inatosha. Mkataba wa ufadhili unaodai sura za watu ukataliwe hata kama mfuko ni mtupu.

Hatua ya 9: Siku mambo yakiharibika

Wekeni nakala za usajili, leseni na mkataba wa chumba kwa wakili. Gawanyeni sabuni iliyokomaa sehemu mbili tofauti, ili mkilazimika kuhama chumba mbaki na cha kuuza kwa wiki sita zinazohitajika kupika upya. Mizani, karatasi za kupimia na daftari la mapishi vikae kwenye mkoba mmoja unaobebeka na mtu mmoja. Namba ya wakili kila mwanachama aijue kwa kichwa, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.